Ndege wa Nyasi za Kinangop: Hatima Yake Imo Mikononi mwa Mkulima

Katika uwanda wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, yupo ndege mdogo mwenye mgongo wa rangi ya nyasi kavu na kifua cha njano ambaye hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kenya. Haishi msituni, hajengi kiota chake mtini, wala hana mbuga ya taifa iliyotengwa kwa ajili yake. Karibu maisha yake yote huyapitisha ardhini, miongoni mwa nyasi fupi za malisho, na sehemu kubwa ya malisho hayo ni mashamba ya watu binafsi yenye hatimiliki.

Ndege huyo hujulikana kitaalamu kwa jina la Macronyx sharpei. Orodha Nyekundu ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, imemweka katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Hapungui kwa sababu ya kuwindwa wala kunaswa kwa biashara. Anapungua kwa sababu nyasi anazozitegemea zinalimwa, na kila mwaka jembe au trekta likipita juu ya kipande kingine cha malisho, nafasi yake ya kuishi hufinyika zaidi.

Jina na asili yake

Neno Macronyx limetokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya ukucha mkubwa au mrefu. Ndege wote wa jenasi hiyo wana ukucha wa nyuma uliorefuka kupita kawaida, ambao huwawezesha kutembea kwa urahisi juu ya nyasi zilizosongamana. Kwa sababu hiyo, katika makala haya ataitwa ukucha-mrefu wa Sharpe.

Sharpe ni Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London hadi alipofariki mwaka 1909. Aliyempa ndege jina hilo ni Frederick John Jackson, ofisa wa utawala wa kikoloni katika Afrika Mashariki aliyekuja kuwa Gavana wa Uganda na ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa elimu ya ndege. Jackson alimweleza ndege huyu kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1904.

Mwaka 1909 ilianzishwa jumuiya ya wapenzi wa viumbe wa Afrika Mashariki na Uganda, na Jackson akawa rais wake wa kwanza. Jumuiya hiyo ingalipo na leo hujulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya. Ndiyo iliyo mstari wa mbele katika juhudi za kumhifadhi ndege yule yule ambaye rais wake wa kwanza alimtambulisha kwa wanasayansi zaidi ya karne moja iliyopita.

Umbo, sauti na mwenendo

Ukucha-mrefu wa Sharpe ana urefu wa takriban sentimita 16 hadi 17 kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Mgongo wake una michirizi ya kahawia, nyeusi na rangi ya mchanga, hivi kwamba akijikunyata katika nyasi huwa vigumu kumwona hata kwa mtu aliye hatua chache tu kutoka alipo. Koo na kifua ni vya njano iliyokolea. Manyoya ya pembeni mwa mkia ni meupe, na huonekana waziwazi anaporuka. Dume na jike hufanana sana, ilhali makinda huwa na njano hafifu zaidi.

Yeye ni wa familia ya Motacillidae, ambayo ndani yake wamo pia wale ndege wembamba wanaotikisatikisa mkia kando ya maji na kwenye nyua za majumba mijini. Watu wengi humchanganya na ndugu yake wa karibu, Macronyx croceus, ambaye ni mkubwa zaidi na ameenea katika nchi nyingi za Afrika. Alama ya kuwatofautisha iko kifuani. Macronyx croceus ana utepe mweusi uliokamilika, unaozunguka koo kama mkufu. Ukucha-mrefu wa Sharpe hana utepe huo, bali ana michirizi myeusi iliyotawanyika juu ya njano. Tena, ndugu huyo hupenda nyasi ndefu zaidi na mahali penye vichaka, na huishi hata katika nyanda za chini.

Chakula chake kikuu ni wadudu, hasa panzi na mbawakawa, ambao huwasaka kwa kutembea polepole kati ya nyasi. Mara nyingi huonekana wakiwa wawili wawili au katika familia ndogo. Akishtuliwa huruka chinichini kwa mwendo mfupi, kisha hutua tena na kutokomea nyasini. Mara mojamoja hupanda juu ya nguzo ya ua au kichuguu na kutoa mlio mwembamba wa mluzi unaopanda hatua kwa hatua.

Kiota hukijenga chini, kikiwa na umbo la kikombe cha nyasi na mizizi myembamba, kilichofichwa kwenye shina la shungi la nyasi. Hutaga mayai mawili au matatu, na kuzaliana kwake hufuata majira ya mvua. Kiota kilicho chini kina hatari zake: huweza kukanyagwa na mifugo, kuvamiwa na wanyama wala mayai, au kufunikwa na udongo siku shamba linapolimwa.

Nyasi anazozihitaji

Ukucha-mrefu wa Sharpe huishi katika nyanda za juu zilizo pande zote mbili za Bonde la Ufa, kuanzia mwinuko wa mita 1,850 hivi hadi mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Maeneo yanayojulikana ni pamoja na Kinangop, nyanda za Mau Narok na Molo, sehemu za Uasin Gishu, miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya na Mlima Elgon. Miongoni mwa hayo, Kinangop ndiyo ngome yake kuu.

Uwanda wa Kinangop umekaa kama kidato kikubwa cha ngazi. Upande wa mashariki umeegemea milima ya Aberdare. Upande wa magharibi huporomoka kwa ghafla kuelekea Naivasha. Baridi yake ni kali, na baadhi ya usiku jalidi huanguka na kuunguza mimea. Kwa asili, sehemu kubwa ya uwanda huu ilikuwa nyasi tupu bila miti, zikikatizwa na mabonde ya mito na ardhi chepechepe.

Hata hivyo, si kila nyasi humfaa ndege huyu. Mwaka 2002 jarida la kisayansi la Biological Conservation lilichapisha tafiti mbili zilizofanywa Kinangop, moja kuhusu makazi anayoyachagua na nyingine kuhusu kupungua kwa nyasi za uwanda huo. Picha iliyojitokeza ni ya ndege mwenye masharti. Huhitaji nyasi fupi ili aweze kutembea na kukamata wadudu. Wakati huohuo huhitaji mashungi, yaani nyasi ngumu zinazoota kwa mafungu mazito, ili apate mahali pa kujificha na kujenga kiota. Nyasi zikiwa ndefu mno huhama, na zikiwa fupi bila mashungi hupungua. Mahali palipolimwa hawezi kuishi kabisa.

Masharti hayo yanaeleza uhusiano wake wa karibu na mifugo. Ng'ombe na kondoo wanapolisha kwa kiasi, huzifanya nyasi zibaki fupi. Mashungi wao huyaacha kwa kuwa ni magumu kutafuna, hasa yale ya aina ya Eleusine jaegeri. Hivyo mfugaji, bila kukusudia, humtengenezea ndege huyu makazi yanayomfaa. Lakini sifa hiyohiyo ya mashungi kutoliwa na ng'ombe huwafanya baadhi ya wakulima kuyaona kuwa magugu na kuyang'oa ili kupanua malisho. Shamba la namna hiyo machoni pa mpita njia bado ni la kijani na lina ng'ombe, ila kwa ndege limekwisha kupoteza nusu ya thamani yake.

Kutoka malisho hadi mashamba ya viazi

Kabla ya ukoloni, nyanda za Kinangop zilikuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka 1904, mwaka uleule ambao Jackson alimpa ndege huyu jina, ulitiwa sahihi mkataba uliowaondoa Wamaasai katika ardhi yao ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mkataba huo uliwabakizia maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za jando. Walowezi waligawana uwanda katika mashamba makubwa, wakafuga ng'ombe na kondoo na kulima baadhi ya sehemu. Mashamba yalikuwa mapana, nayo nyasi ziliendelea kutanda.

Mabadiliko makubwa yalikuja karibu na uhuru. Kupitia mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962, maarufu kwa jina la Mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawiwa familia za Kiafrika ambazo nyingi hazikuwa na ardhi. Kwa familia hizo ardhi ya Kinangop ilikuwa mwanzo mpya. Zilifuga ng'ombe wa maziwa, zikalima pareto, na kadiri miaka ilivyosonga zikageukia viazi, kabichi, karoti na njegere. Leo Nyandarua ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa uzalishaji wa viazi, na malori yaliyosheheni mazao hushuka kila siku kutoka Njabini, Engineer na Ndunyu Njeru kuelekea Nairobi.

Kwa mkulima hesabu ni rahisi kuielewa. Viazi hukomaa katika muda wa miezi mitatu hadi minne na huleta fedha kwa pamoja, kabla ya karo ya shule kudaiwa. Malisho huleta maziwa kidogo kidogo. Shamba ambalo babu alipewa likiwa pana limegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wajukuu. Aliyebaki na ekari mbili hana nafasi ya kuacha moja iwe nyasi kwa ajili ya ndege. Hakuna sheria inayomlazimisha kuiacha, na kumlaumu hakutasaidia.

Hali kama hiyo imekwisha kushuhudiwa kwingine. Nyasi nyingi za asili za Uasin Gishu, Mau Narok na Molo zimegeuzwa kuwa mashamba ya ngano, mahindi na mazao mengine, na zilizosalia ni vipande vilivyotengana. Ndege asiyeruka masafa marefu na asiyevumilia shamba lililolimwa hupata shida kutoka kipande kimoja hadi kingine. Kadiri vipande vinavyozidi kuwa vidogo na kutengana, ndivyo uwezekano wa kila kikundi kutoweka peke yake unavyoongezeka.

Suala la miti

Jambo moja huwashangaza wengi: kwa ndege huyu, mti pia unaweza kuwa adui. Ukucha-mrefu wa Sharpe huepuka mahali penye miti. Malisho yakipandwa mikaratusi au misonobari, hata kama ni kwa nia njema ya kupata kuni, mbao na kivuli, humfukuza kama jembe linavyomfukuza.

Suala hili linahitaji uangalifu kwa kuwa Kenya imo katika juhudi kubwa za kupanda miti. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali kufikia na kudumisha kiwango cha miti kisichopungua asilimia 10 ya eneo la nchi, na mpango wa kitaifa umelenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Lakini kifungu hichohicho cha Katiba kinaitaka Serikali kulinda anuwai ya viumbe. Wajibu huo wa pili haupingani na ule wa kwanza. Kinachotakiwa ni kuchagua mti unaofaa na mahali panapoufaa. Msitu uliokatwa unastahili kurudishiwa miti. Kingo za mito, mipaka ya mashamba na viwanja vya shule vinaweza kupandwa miti ya kiasili. Uwanda ambao tangu asili haukuwa msitu ni mazingira kamili kwa namna yake, na kuujaza miti si kuurejesha katika hali yake ya awali.

Ndege wengine nao hutegemea nyasi za nyanda za juu. Ndege aitwaye kitaalamu Euplectes jacksoni, ambaye dume lake huvaa manyoya meusi na mkia mrefu msimu wa kuzaliana na kurukaruka juu ya nyasi ili kuwavutia majike, hushiriki makazi haya. Vivyo hivyo Cisticola aberdare, ndege mdogo wa kahawia anayepatikana Kenya pekee, huishi katika nyasi za Aberdare, Molo na Mau Narok. Nyasi zikitoweka, hasara haitakuwa ya aina moja tu.

Juhudi za uhifadhi

Njia iliyozoeleka ya kulinda wanyamapori nchini ni kutenga mbuga. Mbuga ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950, imo jirani kabisa na Kinangop, ila ndani yake mna misitu na nyanda za milimani, si nyasi fupi za uwanda. Ndege huyu kwa hiyo hupakana na eneo lililolindwa bila yeye mwenyewe kulindwa nalo.

Juhudi zilizofanyika zimechukua njia nyingine. Nature Kenya imenunua vipande kadhaa vya ardhi Kinangop na kuvihifadhi vikiwa nyasi za asili, ili angalau pawe na mahali ambapo ndege huyu ana uhakika wa makazi. Kikundi cha wenyeji kiitwacho Friends of Kinangop Plateau kimefanya kazi ya kuhesabu ndege, kuelimisha majirani na kuongoza wageni. Huko Njabini wanakikundi walianzisha shughuli ya kusokota na kufuma sufi. Wazo lake ni kwamba sufi ya kondoo ikipata soko, mwenye shamba ana sababu ya kufuga kondoo, na penye kondoo nyasi hubaki.

Utalii wa ndege ni sababu nyingine. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, lakini zisizopatikana popote nje ya mipaka yake ni chache sana. Mgeni anayetaka kumwona ukucha-mrefu wa Sharpe hana budi kuja Kenya. Kinangop hufikika kutoka Nairobi kwa safari ya asubuhi moja, kupitia njia panda ya Flyover hadi Njabini. Mwongoza wageni mwenyeji, mwenye shamba anayewaruhusu wageni kuingia, na mwenye hoteli ndogo barabarani wote wanaweza kunufaika endapo mpango huo utaratibiwa vyema.

Upo pia mlango wa kisheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua hifadhi zinazoanzishwa na jamii au watu binafsi katika ardhi zao, na inaruhusu makubaliano ambayo mwenye ardhi hujifunga kuitunza kwa namna fulani huku akibaki kuwa mmiliki. Kilimo na ufugaji ni majukumu ya serikali za kaunti, kwa hiyo ushauri anaopewa mkulima na ofisa wa kilimo wa wadi una uzito sawa na juhudi za mhifadhi.

Mkulima anaweza kufanya nini

Mwenye ng'ombe wa maziwa anayeacha sehemu ya shamba kuwa malisho ya kudumu amekwisha kufanya jambo kubwa zaidi. Akiongeza hatua chache, faida huwa maradufu. Anaweza kuacha mashungi ya nyasi badala ya kuyang'oa yote, hasa pembezoni na mahali pasipofaa kulimwa. Anaweza kuzungusha mifugo kutoka sehemu moja hadi nyingine ili nyasi zisirefuke mno wala kuliwa hadi udongo ukabaki wazi. Miti aipande mipakani badala ya katikati ya malisho.

Kwa upande wa kilimo, mbegu bora za viazi zilizothibitishwa, mzunguko wa mazao na mbolea inayofaa huongeza mavuno katika ardhi iliyokwisha kulimwa. Mkulima anayevuna zaidi katika ekari moja ana haja ndogo ya kuivunja ya pili. Mabonde chepechepe na kingo za mito zisiguswe kabisa. Sehemu ya mito ya uwanda huu hutiririka hadi Ziwa Naivasha, na maji ya bwawa la Sasumua karibu na Njabini hutumiwa na wakazi wa Nairobi. Udongo uliofunikwa na nyasi haumomonyoki kwa urahisi, kwa hiyo malisho yanayomfaa ndege yanawafaa pia watu walio mbali na Kinangop.

Wageni wanaokuja kumtazama nao wana wajibu. Waombe ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuingia, wafuatane na mwongozaji mwenyeji, na wakati wa mvua, ndege wanapotaga, wasitembee ovyo katikati ya mashungi kwa kuwa kiota kinaweza kuwa chini ya mguu.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinamtaka kila mtu kushirikiana na vyombo vya Serikali kuhifadhi mazingira. Katika Kinangop wajibu huo una sura inayoonekana. Ndege huyu angali anapatikana, na si lazima nyumba yoyote ihamishwe ili aendelee kuwapo. Kinachohitajika ni malisho ya kutosha yaliyo karibu karibu, yenye ng'ombe, kondoo na mashungi machache ya nyasi, na mwenye shamba anayepata kipato cha kumwezesha kuyaacha yalivyo.